Nani Anampa Nani Jina? Uhakiki wa Kazi Tatu za Utafiti Miongoni mwa Wamarekani Weusi na Walatino wa Transjenda, na Suala la Tafsiri ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi tatu zilizotokana na kukaa kwa muda mrefu miongoni mwa Wamarekani Weusi na Walatino ambao jinsia yao hailingani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa: filamu ya Jennie Livingston, *Paris Is Burning* (1990), kitabu cha David Valentine, *Imagining Transgender* (2007), na kitabu cha Marlon M. Bailey, *Butch Queens Up in Pumps* (2013). Inadaiwa kwamba upingaji wa ubaguzi wa rangi katika utafiti wa kimaelezo hupimwa kwa maamuzi ambayo mtafiti huyafanya kazini, hasa uamuzi wa kumpa mtafitiwa jina. Sehemu za mwisho zinachunguza namna uamuzi huo unavyobadilika sura pale hojaji na fomu za ridhaa zinapotafsiriwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya kwamba ripoti ya utafiti miongoni mwa watu wanaobaguliwa ifunguliwe kwa aya moja ambamo mtafiti anataja rangi yake, jinsia yake, tabaka lake na nia yake ya kupinga ubaguzi. Aya hiyo ina faida: inamjulisha msomaji ni nani anayezungumza. Hata hivyo, imegeuka kuwa kama hodi inayopigwa na mtu aliyekwisha kuingia ndani. Baada ya aya hiyo, sura zinazofuata mara nyingi huendelea na taratibu zilezile za zamani: mtafiti anachagua istilahi, anachagua nukuu, anachagua kisa cha kufungulia sura, kisha jina lake peke yake ndilo linalopigwa chapa kwenye jalada.

Historia inaeleza kwa nini jambo hili ni zito kwa Wamarekani Weusi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende katika eneo la Tuskegee, Alabama, pamoja na wengine 201 wasiokuwa na ugonjwa huo, bila kuwaeleza ukweli wa hali yao na bila kuwatibu hata baada ya penisilini kupatikana. Kashfa hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo misingi yake ya heshima, hisani na haki ndiyo inayoongoza kamati za maadili hadi leo, zikiwemo za Afrika Mashariki. Misingi hiyo imesaidia sana. Upungufu wake ni kwamba inamlinda zaidi mtu mmojammoja anayetia saini fomu. Jamii nzima inayoelezwa, kupewa jina na kuwekwa katika jedwali haina mahali pa kutia saini.

Neno moja kuhusu istilahi kabla ya kuendelea. Kiingereza cha Marekani kina kirai kimoja kinachowakusanya watu wote wasio Wazungu kwa kutaja rangi. Tafsiri yake sisisi, "watu wa rangi", haimwambii msomaji wa Kiswahili chochote, kwani kila mtu ana rangi. Makala hii inawataja watu kama wanavyojitaja katika kazi zinazohakikiwa: Weusi na Walatino. Neno "transjenda" linatumiwa hapa kama neno la mkopo ambalo uhalali wake ni sehemu ya mjadala wenyewe.

2.0 Kamera isiyojionyesha

*Paris Is Burning* si ripoti ya utafiti, lakini kwa miaka zaidi ya thelathini imefundishwa vyuoni kana kwamba ni ripoti ya aina hiyo. Ilipigwa New York katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Inaonyesha mashindano ya ukumbini huko Harlem, ambapo vijana Weusi na Walatino hushindania vikombe kwa mavazi, mwendo na uwezo wa kuigiza watu ambao jamii imewanyima nafasi ya kuwa: mwanajeshi, mkurugenzi wa kampuni, binti wa tajiri. Washindani wamegawanyika katika "nyumba", kila moja ikiwa na mama au baba anayewalea vijana ambao wengi wao wamefukuzwa makwao. Filamu ilishinda tuzo kuu ya filamu za uhalisia katika tamasha la Sundance mwaka 1991, na ikaingiza karibu dola milioni nne katika sinema za Marekani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wahusika walikuwa wametia saini hati za kuruhusu picha zao kutumiwa. Walipoona mapato, baadhi yao walidai sehemu yao. Paris Dupree, ambaye jina la filamu limetokana na shindano lake, alitaka kudai dola milioni 40, lakini hati zilizotiwa saini ziliizuia kesi. Hatimaye takriban dola 55,000 ziligawanywa kwa watu 13 kwa kigezo cha muda ambao kila mmoja alionekana kwenye skrini.

Kigezo hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko kiasi chenyewe. Muda wa kuonekana kwenye skrini huamuliwa na mhariri. Aliyemfungulia mgeni mlango, aliyemfundisha maana ya maneno, aliyewashawishi wenzake wamwamini, anaweza kukosa hata sekunde moja katika toleo la mwisho. Kwa hiyo malipo yalipimwa kwa thamani ya watu hao kwa simulizi, wala si kwa kazi waliyoifanya ili simulizi iwezekane. Watafiti wa kimaelezo hawana haki ya kumcheka Livingston kwa hili, maana ethnografia nyingi hazijawahi kugawa hata kiasi hicho, na kigezo cha nukuu ndefu na nukuu fupi katika vitabu vyao ni kilekile.

Uhakiki uliovuma zaidi ni wa bell hooks, katika insha iliyomo katika kitabu chake *Black Looks* (1992). Hoja yake ya msingi ni kwamba mwongozaji, mwanamke Mzungu, haonekani kwenye filamu, na kwa kutoonekana huko anamfanya mtazamaji aamini kuwa anachokiona ni ukweli usio na mtazamaji. Hooks anasikitishwa pia na namna kifo cha Venus Xtravaganza kinavyopita. Venus, kijana wa nyumba ya Xtravaganza, anazungumza mbele ya kamera kuhusu matumaini yake ya kufanyiwa upasuaji na kuolewa kanisani akiwa na vazi jeupe. Aliuawa Desemba 1988 kabla filamu haijakamilika. Angie, mama wa nyumba yake, anasimulia habari hiyo kwa muda mfupi, kisha tamasha linaendelea. Kwa hooks, filamu imemtumia Venus kisha ikamwacha, bila nafasi ya kuomboleza.

Hoja hiyo ni nzito na makala hii inakubaliana nayo. Lakini msomaji makini wa insha ya Kiingereza atagundua kwamba hooks mwenyewe, anapomtaja Venus, hutumia mahali fulani viwakilishi viwili vilivyotenganishwa kwa mkwaju, cha kiume na cha kike, kana kwamba suala la jinsia ya Venus bado linasubiri hukumu. Mhakiki aliyeuona ubaguzi wa rangi kwa ukali usio na mfano aliyumba palepale ambapo Venus hakuyumba. Jambo hili halipunguzi thamani ya insha. Linaonyesha kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi na kuheshimu jina ambalo mtu amejipa ni stadi mbili tofauti, na kwamba aliyebobea katika moja anaweza kuwa mwanafunzi katika nyingine. Linaonyesha pia jambo ambalo tafsiri ya Kiswahili ingelificha kabisa, na ambalo litarejelewa katika sehemu ya sita.

3.0 Jina lililotangulia wenye nalo

Kitabu cha Valentine ndicho chenye hoja nzito kuliko zote tatu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa anthropolojia, Valentine alifanya kazi na mradi wa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI huko New York. Usiku aligawa kondomu na vipeperushi katika mtaa wa machinjio ya zamani, upande wa magharibi wa Manhattan, ambako Weusi na Walatino wengi waliovaa na kuishi kama wanawake walifanya biashara ya ngono. Alihudhuria pia mashindano ya ukumbini, vikundi vya ushauri na mikutano ya wanaharakati.

Mradi ulikuwa umeandikiwa wafadhili kwamba unawahudumia "transjenda". Mtaani, Valentine aligundua kwamba wengi waliokusudiwa na neno hilo hawakulitumia. Walijiita gei, walijiita wanawake, walijiita wasichana, na pengine walijiita yote matatu katika sentensi moja bila kuona mgongano wowote. Waliolitumia neno "transjenda" kwa urahisi walikuwa zaidi wale waliohudhuria mikutano, na miongoni mwao Wazungu wa tabaka la kati walikuwa wengi. Neno hilo lilienea katika miaka hiyohiyo ya 1990, likitegemea nadharia kwamba jinsia ni jambo moja na mvuto wa kimapenzi ni jambo jingine kabisa. Nadharia hiyo iliwafaa wale waliotaka ugei ukubalike kama tofauti ya chumbani tu, isiyogusa uanaume wao. Mtu Mweusi maskini aliyekuwa gei na mwanamke kwa wakati mmoja hakuwa na safu ya kujazwa katika fomu.

Ubora wa kitabu ni kwamba kinauhamisha ubaguzi wa rangi kutoka kwenye tusi na kuuonyesha kwenye kabati la mafaili. Hakuna mtu katika mradi ule aliyekuwa na nia mbaya. Wote walitaka watu wale wapate huduma. Lakini ili huduma ije, ilibidi mtu aandikwe kwa jina ambalo hakulichagua, na akikataa jina, wafanyakazi waliona kwamba hajajielewa, kwamba anahitaji kuelimishwa. Valentine hajitoi katika lawama hii. Anaeleza wazi kwamba yeye mwenyewe, kwa kazi yake, alikuwa mmoja wa wasambazaji wa neno hilo. Hata katika uandishi wake anajaribu kutofautisha: waliojitambulisha kwa neno "transjenda" anawaeleza hivyo, na wengine anawaacha na maneno yao.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Watu wa mtaa ule wanazungumza sana katika kitabu, na mazungumzo yao yamenukuliwa kwa uangalifu wa mwanaisimu. Lakini yanapofika mahali pa kufasiriwa, mfasiri ni nadharia ya maktabani. Mtu anayesema kwa sauti yake kwamba yeye ni gei na ni mwanamke ametoa nadharia ya jinsia, tena nadharia inayoipinga ile ya wafadhili. Katika kitabu maneno yake yanabaki kuwa data inayoithibitisha nadharia ya mwingine. Mtafiti anayepinga ubaguzi angeweza kuligeuza jambo hili: kumnukuu mtafitiwa pale ambapo mwanazuoni hunukuliwa, yaani katika sura ya nadharia.

4.0 Mtafiti wa ndani

Bailey anakaribia kufanya hivyo. Yeye ni mwanazuoni Mweusi, gei, aliyefanya utafiti wake wa mashindano ya ukumbini hasa Detroit, akajiunga na nyumba na kushindana ukumbini. Anaueleza mfumo wa jinsia wa ukumbini, wenye makundi sita, kama mfumo wa fikra uliotungwa na wenyewe, wala haupimi kwa rula ya nje. Malezi yanayofanywa na mama na baba wa nyumba anayaita kazi, kwa maana kamili ya neno hilo: kulisha, kuonya, kuuguza, kuzika. Kinga dhidi ya UKIMWI anaitazama kama jambo ambalo nyumba zilikuwa zikilifanya kwa njia zake, huku wataalamu wakiendelea kuwaita wanajamii hao "kundi hatarishi".

Hata hivyo, undani nao una mipaka. Bailey ni wa ndani kwa rangi na kwa mvuto. Kwa jinsia, wanawake wa transjenda wa ukumbini ni majirani zake. Jina la kitabu lenyewe linamtazama mwanaume gei aliyevaa viatu virefu, na jicho la kitabu kwa kiasi kikubwa linabaki hapo. Wale wanaodhani kwamba tatizo la Livingston litakwisha kwa kumtafuta mtafiti mwenye rangi inayofaa wanapaswa kulisoma hili kwa makini.

5.0 Watu 29 na watu 296

Washauri wa sera huuliza, na wana haki ya kuuliza, mjadala huu wa majina unamsaidia nani hospitalini. Jibu linapatikana katika utafiti mkubwa wa kitabibu unaoitwa iPrEx, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2010. Ulihusisha watu 2,499 katika nchi sita, zikiwemo Peru, Ecuador, Brazil na Afrika Kusini, na ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku kilipunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI kwa asilimia 44. Kwa ufupi wa mazoea, matokeo hayo yalisambazwa kama habari ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume.

Mwaka 2015 data zilichambuliwa upya. Waliojitambulisha kwa neno "trans" walikuwa 29. Waliosema tu kwamba wao ni wanawake walikuwa 296. Wengine 14 walisema ni wanaume, ila walitumia homoni za kike. Jumla yao ni 339, yaani asilimia 14 ya washiriki wote. Katika kundi hili kidonge hakikuonyesha kupunguza maambukizo: waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu waliambukizwa kwa idadi inayokaribiana. Miongoni mwa wanawake hao waliopewa dawa na kuambukizwa, hakuna aliyekutwa na dawa mwilini wakati maambukizo yalipogunduliwa. Dawa haikuwa imeshindwa. Haikuwa ikimezwa ipasavyo.

Kwa nini haikumezwa? Hilo ni swali la utafiti wa kimaelezo, na lilichelewa kuulizwa kwa miaka kadhaa kwa sababu waliopaswa kuulizwa walikuwa wamehesabiwa kuwa watu wengine. Tazama tena zile namba mbili. Laiti wachambuzi wangelitafuta tu neno la kitaalamu, wangewapata 29 na kuwapoteza 296 waliojitaja kwa neno la kawaida kabisa, "mwanamke". Hiyo ndiyo tofauti aliyoiona Valentine mtaani, safari hii ikiwa imeandikwa kwa tarakimu.

6.0 "Yeye", "Me/Ke" na "hanithi"

Mjadala huu unafika kwa wazungumzaji wa Kiswahili kwa njia mbili za hakika. Miradi ya afya inayobuniwa Marekani huleta hojaji zake Mombasa na Dar es Salaam ili zitafsiriwe. Na huko Marekani kwenyewe, wakimbizi kutoka Kongo wamekifanya Kiswahili kuwa lugha inayohitaji wakalimani katika zahanati na ofisi za ustawi wa jamii. Mfasiri na mkalimani ndio wanaokabidhiwa kazi ya kumpa mtu jina, mara nyingi bila muda wa kufikiri.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina tatizo hili kwa kuwa kiwakilishi "yeye" na kiambishi "a-" havibagui jinsi. Dai hilo linapendeza, lakini halitoshi. Insha ya hooks ikitafsiriwa, ule mkwaju wake utayeyuka ndani ya "yeye" na msomaji hatajua kamwe kwamba palikuwa na kuyumba. Wakati huohuo, heshima aliyopewa Venus na wenzake kwa kuitwa kwa kiwakilishi cha kike nayo itayeyuka. Kiswahili hakijaiondoa jinsia. Kimeihamishia katika nomino na katika miito: kaka, dada, bwana, bibi, mjomba, shangazi. Msaili anayemwambia mtafitiwa "karibu kaka" amekwisha kuamua kabla ya swali la kwanza. Dharau nayo ina njia yake, ambayo Kiingereza hakina: ngeli. Mtu akishushwa kutoka ngeli ya watu na kuitwa "kijitu", upatanisho wote wa sentensi unaweza kumfuata huko chini. Mwongozo wa wasaili uliotafsiriwa kutoka Kiingereza utatumia kurasa mbili kuonya kuhusu viwakilishi na usiseme lolote kuhusu miito na ngeli, mahali hasa ambapo Kiswahili huumiza.

Fomu za Afrika Mashariki huuliza "Jinsi" au "Jinsia", kisha hutoa visanduku viwili: Me na Ke. Wanaisimu wengi hupendekeza "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa uhusiano wa kijamii, lakini katika matumizi maneno hayo hubadilishana bila mpaka. Kenya ilipowahesabu watu wenye maumbile yasiyobainika katika sensa ya mwaka 2019, na kupata 1,524, neno "huntha" lilipata uhai mpya katika vyombo vya habari. Ni neno la heshima lenye historia katika fikihi ya Kiislamu, na linahusu maumbile ya kuzaliwa. Kulitumia kwa watu wa transjenda ni kosa linalozidi kuzoeleka, na madhara yake yanawapata wote wawili. Kwa upande mwingine, kirai "waliobadili jinsia" kinadai kwamba mabadiliko yametokea, ilhali wale 296 hawakusema wamebadilika. Walisema wao ni wanawake.

Pwani ina kisa chake cha kufundishia. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan alichapisha makala katika jarida la *Man* kuhusu watu aliowaona Sohar, Oman, wanaoitwa kwa neno la Kiarabu ambalo Kiswahili kimelipokea kama "hanithi". Alidai kwamba wao ni jinsia ya tatu. Mwaka uliofuata Gill Shepherd alimjibu kwa data za Mombasa, akisema maelezo yako katika mali na cheo. Hoja zikajibiwa na kujibiwa tena. Mjadala ulikuwa wa kina, lakini ulifanyika katika jarida la London, kwa Kiingereza, na waliojadiliwa hawakuwa miongoni mwa waliojibizana. Neno "hanithi" lenyewe lilibebwa kama istilahi ya kitaalamu, na bado katika kinywa cha Mswahili ni neno la kumvunjia mtu heshima, linalomaanisha pia mwanamume asiye na nguvu za kiume. "Shoga", neno jingine lililoingia katika maandishi hayo, kwa wanawake wa Pwani limekuwa jina la upendo wanaloitana marafiki. Mtafiti anayeyaingiza maneno haya katika hojaji bila kuuliza ni nani anamwita nani hivyo, na kwa sauti gani, atarudi na majibu ya watu waliotukanwa.

Hata neno "nyumba" linadai uangalifu. "Mama wa nyumba" atadhaniwa kuwa mama wa nyumbani asiye na ajira. Kiswahili kina "somo" na "kungwi", walezi wasio wa damu wanaomfundisha kijana mambo ambayo wazazi hawayasemi. Ufanani upo, ila mfasiri asikimbilie kusema kwamba ni kitu kilekile. Kungwi amepewa kazi na jamii yake, mama wa nyumba ya Harlem aliichukua kazi baada ya jamii kumtupa mtoto.

7.0 Kinachoachwa bila kuandikwa

Eve Tuck, katika barua ya wazi aliyoichapisha mwaka 2009, aliziomba jamii zinazotafitiwa na watafiti wao kusitisha tafiti zinazotafuta majeraha tu. Miaka mitano baadaye, yeye na K. Wayne Yang walikwenda mbali zaidi wakatetea haki ya kukataa kutafitiwa, na wajibu wa mtafiti kuyaacha mambo fulani nje ya maandishi hata baada ya kuyasikia. Kwa wasomaji wengine huu ni usaliti wa sayansi. Mazingira ya utafiti wenyewe yanasema vingine.

Wakati Valentine akigawa kondomu, sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1976 iliruhusu polisi kumkamata mtu kwa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Wanawake Weusi na Walatino wa transjenda walikamatwa chini yake kwa kusimama na kuvaa walivyovaa, hadi ilipofutwa Februari 2021. Mahali, saa, mavazi, nani alizungumza na nani: hayo ndiyo aliyoyaandika askari, na ndiyo ambayo mtafiti hufundishwa kuyaandika katika daftari lake. Madaftari mawili yenye safu zilezile.

Tangu mwaka 2017, tafiti zinazofadhiliwa na taasisi ya taifa ya afya ya Marekani hupewa moja kwa moja cheti cha usiri kinachozuia mahakama kudai majina ya washiriki. Kinga ya cheti hicho ni ya sheria za Marekani, na haivuki mpaka. Uganda, sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilikuwa na kifungu cha 14 kilichomlazimu mtu kutoa taarifa kwa vyombo vya dola, hadi Mahakama ya Katiba ilipokiondoa Aprili 2024. Vifungu vingi vingine vilibaki. Katika Kenya na Tanzania, sheria za makosa ya jinai zilizorithiwa kutoka ukoloni zingali zikitumika. Kamati ya maadili inayoidhinisha hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huuliza kama data zitafungiwa kabatini. Ni nadra kuuliza kama zilihitaji kuandikwa.

Mapendekezo yanayotokana na uhakiki huu ni machache na yana gharama. Swali la jinsia liachwe wazi, jibu liandikwe kwa neno la mjibu mwenyewe, na uainishaji ufanywe baadaye pamoja na watu wa jamii husika waliolipwa kwa kazi hiyo kwa kiwango cha wataalamu. Wafasiri wakutane na watafitiwa kabla ya hojaji kuchapwa, na wapewe ruhusa ya kulirudisha swali kwa mtunzi wake wakiona haliulizwi kwa Kiswahili bila kutukana. Malipo ya wahusika yaandikwe katika bajeti kabla ya kamera au kinasa sauti kuwashwa. Na fomu ya ridhaa iwe na kifungu cha pili, cha kutiwa saini baada ya mahojiano, ambapo mtu anataja yale aliyoyasema ambayo hataki yaandikwe popote.